PUNDA WETU MALISHONI WAKATI WA JUA KALI

(Mazungumzo ya Katibu wa Tawi mbele ya wanachama wa ushirika. Yameandikwa hapa kwa ajili ya waliokuwa shambani siku ile, na kwa wale wanaopenda kujisomea wenyewe.)



Nimepewa nafasi niseme juu ya punda. Najua wengine mmecheka mliposikia. Katika mikutano yetu tumezoea habari za alizeti, bei na madeni ya pembejeo. Punda tunamkumbuka siku hayupo. Lakini hebu tazameni, alizeti hiyo ilifika ghalani kwa mgongo wa nani? Na maji ya kunywa ya nyumba zetu hizi yanatoka kisimani kwa mgongo wa nani? Sasa tumeingia mwezi wa kumi. Mvua za hapa kwetu kanda ya kati huanza mwishoni mwa Novemba, mara nyingi Desemba. Jua la saa sita limesimama juu ya utosi, majani yamekwisha, ardhi inachoma nyayo. Huu ndio wakati punda wanapoumia, na sisi tunapita tu.

Iko hoja mbele yenu: tuweke birika la kunyweshea punda kando ya kisima, na tujenge vibanda viwili vya kivuli kule malishoni. Wapo ndugu waliopinga. Wamesema, maji hayatutoshi sisi wenyewe, tumgawie punda? Eti punda ni mnyama wa shida, anastahimili. Hoja hiyo siidharau, maana nusu yake ni kweli.

Nusu iliyo kweli ni hii. Punda asili yake ni bara letu hili la Afrika. Babu zake ni punda mwitu wa nchi kavu za kaskazini-mashariki, na watu walianza kuwafuga yapata miaka 7,000 iliyopita. Hata leo punda mwitu wachache wamebaki Ethiopia na Eritrea. Mwili wa mnyama huyu umeumbwa kwa ukame. Anaweza kupoteza maji hata kufikia kama robo ya uzito wake na bado akasimama. Akiyapata maji, anayarudisha mwilini kwa dakika chache tu. Kwa hiyo anayesema punda anastahimili hajasema uongo.

Nusu ya pili ndiyo tunayoisahau. Yule punda wa jangwani hajafungwa kamba! Jua likipanda huenda mwenyewe kivulini, kiu ikimshika anajua njia ya maji, na malisho anayatafuta alfajiri na jioni. Wala hana gunia mgongoni. Ustahimilivu wake ni mwili pamoja na akili yake ya kuchagua. Sisi tumeuchukua mwili, akili yake tumeifunga kwenye kigingi. Mtu akishamfunga punda, basi akili ya kutafuta kivuli na maji inakuwa kazi ya yule aliyefunga fundo.

Mnamkumbuka punda wa yule mama wa upande wa mlimani, mwaka jana mwezi kama huu. Alifungwa asubuhi chini ya mkwaju, kivuli kizuri kabisa, mama akaenda zahanati na mtoto mgonjwa. Kule foleni ikawa ndefu. Kivuli, ndugu zangu, kinatembea. Asubuhi kiko upande wa magharibi wa mti, saa sita kinajikunja chini ya matawi, alasiri kimehamia mashariki. Kamba ile ilikuwa imejizungusha kwenye kisiki, ikabaki fupi kama mkono. Mama aliporudi saa tisa punda amelala ubavu, na jioni akafa. Hakuna wa kulaumiwa pale. Lakini tuseme lililofuata: binti wa nyumba ile alibeba maji kichwani mpaka mvua ziliponyesha, na shule akawa anaingia saa nne, siku nyingine haingii kabisa. Hiyo ndiyo gharama ya punda mmoja.

Basi nianze na kamba. Ikiwezekana, mchana usimfunge. Mwache na wenzake, mchungaji mmoja awaangalie wa nyumba tano au sita kwa zamu. Ikibidi kumfunga, mfunge mahali ambapo kivuli kitakuwapo saa nane, siyo mahali kilipo sasa hivi. Ondoa visiki na mawe anakofika, na mtu arudi kumtazama. Kumfunga miguu ya mbele kwa kamba ya katani halafu ukaondoka siku nzima, hilo tuliache. Kamba inakata ngozi, na mnyama aliyefungwa miguu hafiki kwenye maji hata akiyaona.

Vibanda tunavyosema si vya gharama. Nguzo nne, fito, na nyasi juu. Pande zote wazi ili upepo upite. Msiniletee habari za bati. Bati tupu saa saba mchana ni tanuri, mnyama atakimbilia nje mwenyewe. Na kibanda kiwe kirefu kwenda juu, maana punda hapendi kuinamishwa masikio.

Sasa maji, penye ugomvi. Hesabu hii tuliifanya ubaoni katika darasa la kisomo, na naomba muifuate. Punda wa kwetu mwenye afya abebe madumu mawili ya lita 20, moja kila upande. (Wapo wanaopakia manne. Punda wetu wengi ni wadogo, hawafiki kilo 150, na mzigo ukizidi theluthi ya uzito wake unamvunja, tena wakati wa joto ungefaa upungue.) Safari tatu kwa siku ni madumu sita, yaani lita 120. Yeye mwenyewe siku ya joto na kazi anahitaji lita 15 hadi 20, jike anayenyonyesha zaidi kidogo. Tuseme dumu moja. Basi katika madumu saba yaliyotoka kisimani, sita ni ya nyumba yako na moja ni la aliyeyaleta. Mzee mmoja darasani akasema, kibarua wa namna hiyo mtamkuta wapi tena? Sikuwa na jibu.

Birika lenyewe tumepata pipa la lita 200, tutalipasua katikati kwa urefu, kingo zigongwe zisikate midomo. Kila anayekuja na punda amimine ndoo moja ya kwanza humo, ndipo ajaze madumu yake. Na lisuguliwe kila asubuhi. Punda ana kinyaa kuliko ng'ombe. Maji yenye mavi au utando wa kijani atayanusa, atageuka, na wewe utasema hana kiu. Wengine pia hukataa kunywa wakitengwa na mwenzao waliyemzoea. Walete wote wawili, utaona anavyokunywa.

Anyweshwe lini? Asubuhi kabla ya kazi, mchana, na jioni. Ukiweza mara mbili tu, basi zisiwe zote asubuhi. Na kuna maneno tumerithi, kwamba punda mwenye joto akinywa maji au akimwagiwa maji ya baridi hufa palepale. Si kweli hata kidogo. Mwache anywe. Anayekufa ni yule anayenyimwa akisubiriwa apoe.

Chumvi nayo msiisahau. Punda hutoka jasho kama nduguye farasi, na jasho linaondoka na chumvi. Jiwe la chumvi liwekwe kibandani alambe mwenyewe kadiri anavyotaka, mradi maji yapo karibu.

Juu ya malisho nitasema jambo moja tu, maana mengine mnayajua kuliko mimi. Punda hacheui. Ng'ombe hujaza tumbo haraka, akalala kivulini akatafuna taratibu. Punda anakula kidogo kidogo, na ili ashibe anahitaji saa nyingi, hata zaidi ya nusu ya siku nzima. Ukimpa saa za jua kali peke yake, ama ataungua ama atalala njaa. Kwa hiyo atoke saa 12 asubuhi mpaka saa nne, arudi kivulini, kisha atoke tena saa 10 jioni. Usiku awe zizini kwa sababu ya fisi, lakini mbele yake pawe na mabua au nyasi kavu atafune. Ratiba hii inamwezesha hata mtoto kwenda shule. Kazi za mkokoteni nazo zifuate saa hizohizo. Kusomba matofali saa saba mchana si bidii, ni ukatili, tena kazi yenyewe haiendi. Na mvua za kwanza zikinyesha, mtama uliokatwa utachipua. Machipukizi yale mabichi yana sumu kali kwa mifugo, hasa yakisinyaa kwa jua. Msiwaachie.

Tumjueje punda aliyezidiwa? Hapa muwe makini, maana punda hulia anapotaka mwenzake au chakula, lakini akiwa na maumivu hunyamaza. Anasimama tu, kichwa chini, masikio yamelegea, na mtu anapita akidhani amepumzika. Tazama ubavu. Punda mzima aliyetulia huvuta pumzi kama 20 kwa dakika. Ukimweka kivulini nusu saa na bado anahema maradufu, pua zimetanuka, huyo ameshikwa. Mvute ngozi ya shingo kwa vidole kisha uiachie. Ikibaki imesimama kama hema, maji yamekwisha mwilini. Fungua mdomo, gusa fizi. Ziwe na unyevu; zikiwa kavu na zinanata, ni hatari. Akipepesuka au akalala asiweze kuinuka, hapo hakuna kusubiri mwenye punda atoke gulioni. Joto la kawaida la punda mzima ni kama nyuzi 37. Likifika 40, uhai wake unahesabiwa kwa dakika.

Mwondoeni mzigo na hatamu, mpelekeni kivulini, na kama hatembei basi kivuli kimfuate yeye, hata turubai likishikwa na watu wanne. Mwagieni maji mwili mzima, shingo, mgongo, mapaja, tena na tena bila kuacha, huku wengine wakimpepea. Kitambaa kimoja kilicholowa kikiachwa mgongoni hakisaidii, kinashika joto. Maji ya kunywa yawekwe mbele ya pua yake anywe mwenyewe. Msimnyweshe kwa chupa kwa nguvu! Maji yatapita njia ya hewa, na mtamuua kwa huruma. Wakati huohuo mtu akimbie kwa Bwana Mifugo.

Vidonda navyo hukasirika msimu huu kwa sababu ya nzi. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yakipoa oshea. Asibebe kitu mpaka ngozi ijifunge. Oili chafu ya gari na maji ya betri si dawa, jamani. Wanaopaka hivyo wajaribu kwanza kwenye vidole vyao.

Wengine watasema, akifa nitanunua mwingine. Utamnunua wapi? Biashara ya ngozi za punda kwenda nje imewamaliza punda wengi barani, hata ikabidi wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, Februari 2024, wapige marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kwa miaka 15. Na jike hubeba mimba kama mwaka mzima, mtoto mmoja tu, kisha usubiri miaka mitatu hivi mtoto huyo apate nguvu ya kazi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ipo pia, lakini sipendi tufikishane huko wakati tunaweza kusemezana hapa chini ya mti.

Mwenyekiti ataipigisha kura hoja hii leo kabla hatujatawanyika. Ikipita, kazi ni Jumamosi saa 12 asubuhi, tumalize kabla ya saa nne. Upande wa kisimani walete mawe ya kuegemeza birika. Upande wa mlimani walete nguzo, na waliofyeka nyasi za kuezekea mwezi uliopita watupunguzie mizigo miwili mitatu. Bwana Mifugo atakuwapo kuanzia saa moja. Mwenye punda aliye na kidonda amlete mapema, jua likiwa bado liko chini, na asimpakie kitu njiani.

Katibu wa Tawi