Katika Nchi Kavu, Tulinde Nini Kwanza?
Mshika mbili moja humponyoka. Mwenye kushika yote je? Basi hatuna budi kuchagua.

Yuko punda milia wa Grevy, mwenye milia myembamba, aishiye Samburu na Isiolo. Hesabu ya mwaka 2018 ilipata karibu 2,800 katika Kenya yote. Yeye huweza kukaa siku kadhaa pasipo kunywa; lakini jike anyonyeshaye hutaka maji kila siku moja au mbili. Mchana huyakuta yamezungukwa na ng'ombe wetu. Tukilala hapo na usiku, maziwa hukauka na mtoto hudhoofika.

Kwa hiyo neno la kwanza ni maji: mchana tunyweshe mifugo, usiku tuondoke. La pili ni migunga ya kando ya mito, maana matunda yake hulisha mbuzi wetu na wanyama wa porini pia. Hayo yakipotea, ulinzi mwingine ni kazi bure.