Somo la Mipaka: Unene wa Mstari wa Penseli

Leo twazungumza habari za mpaka kati ya Israeli na Wapalestina. Nawe unayesoma karatasi hii, kwanza chukua penseli butu, uchore mstari, kisha upime unene wake. Labda utapata milimita tatu.

Basi, mwezi wa Novemba 1948, maofisa wawili wa jeshi, Moshe Dayan wa Israeli na Abdullah al-Tal wa Yordani, walikutana Yerusalemu ili kusimamisha mapigano. Ramani yao ilikuwa ya kipimo cha 1:20,000, maana yake milimita moja ya karatasi ni meta 20 za ardhi. Kila mmoja alichora mahali askari wake walipofika, huyu kwa rangi ya kijani, yule kwa nyekundu. Penseli zilikuwa za nta, na mistari ikawa na unene wa milimita tatu au nne. Fanya hesabu: rangi peke yake ilifunika meta 60 hadi 80! Chini yake mlikuwa na nyumba na njia. Je, nyumba iliyo chini ya rangi ni ya nani? Swali hilo lilileta ugomvi kwa miaka mingi.

Mkataba wa Aprili 1949 ulisema wazi kwamba mistari hii haikati shauri la mpaka wa mwisho. Hata hivyo watu waliishi nayo. Katika kijiji cha Beit Safafa, kusini ya Yerusalemu, senyenge ilipita katikati. Ndugu wa ukoo mmoja wakawa wengine huku na wengine kule, mpaka vita vya 1967, Israeli ilipotwaa Ukingo wote wa Magharibi.

Mwaka 2002, baada ya mashambulio ya mabomu kuua raia wengi katika miji yake, Israeli ilianza kujenga kizuizi. Mijini ni ukuta wa zege, mahali pengine wenye kimo cha meta 8. Sehemu iliyo kubwa ni uzio, mitaro na barabara ya askari. Serikali ya Israeli husema kizuizi kimeokoa maisha, na haifai kuwacheka waliozika watoto wao. Lakini kama shabaha ni ulinzi tu, mbona hakikufuata mstari wa 1949? Mstari ule una yapata kilomita 320. Njia ya kizuizi iliyokusudiwa ina yapata 700, kwa kuwa hupinda kuzunguka makazi ya Waisraeli. Yapata asilimia 85 yake imo ndani ya Ukingo wa Magharibi.

Julai 2004 Mahakama ya Kimataifa ilitoa shauri kwamba kukijenga humo ni kinyume cha sheria. Hata Mahakama Kuu ya Israeli iliamuru njia ibadilishwe mahali kadhaa. Huko Bil'in ilisogezwa mwaka 2011, na wanakijiji wakarudishiwa sehemu ya mashamba yao, si yote.

Mkulima ambaye mizeituni yake iko ng'ambo ya uzio huhitaji kibali, tena hungoja lango lifunguliwe kwa saa zake. Mwaka 2023, vita vilipoanza Oktoba, majira yenyewe ya kuchuma, wakulima wengi hawakuruhusiwa kupita, na zeituni zikabaki mitini.

Zoezi la juma hili: katika ramani ya 1:50,000, mstari wa milimita mbili hufunika meta ngapi?