Sumu Idumuyo Majini na Samaki Tunaowala



Habari za korosho, ufuta na mbaazi katika miaka hii kumi ya Chama zimekwisha kuelezwa na waliotutangulia, nasi hatuna la kuongeza. Twaomba ruhusa tuseme jambo ambalo halikupata kuandikwa katika taarifa zetu: maji tunayooshea pampu za dawa hapa Matambarale, na samaki wavuliwao humo.

Wazee wetu walivua kwa utupa. Walitwanga majani, wakayatia kidimbwini, samaki wakalewa na kuelea. Baada ya siku chache sumu ile ilikwisha nguvu. Siku hizi wako watu wamiminao majini dawa ya wadudu, wakidhani huo nao ni utupa, ila wa dukani. Si mamoja. Baadhi ya dawa za sasa huoza upesi, walakini huua samaki papo hapo. Zile za kale, kama DDT na endosulfani, hukaa miaka.

DDT haiyeyuki vema katika maji, bali katika mafuta. Hushikamana na tope na vijimea; wadudu huvila, perege huwala wadudu, kambale humeza perege, na kila mmoja huweka katika mafuta yake sumu ya wote aliowala. Ndivyo zilivyo fedha za vyama vya msingi: kila kimoja huleta kidogo, na kasha la Chama Kikuu likajaa. Katika ziwa Clear Lake, huko California, Marekani, ndugu ya DDT iitwayo DDD ilitiwa mwaka 1949, 1954 na 1957 ili kuua vijidudu. Mara mbili za mwisho kipimo kilikuwa sehemu 1 tu kwa maji sehemu milioni 50. Vijimea vilikutwa na sehemu 5 katika milioni. Mafuta ya ndege walao samaki, sehemu 1,600. Ndege wale walikufa kwa wingi. Nasi tu walaji wa samaki, na sumu hiyo hupita hata katika maziwa ya mama.

Wala tusidhani ni habari za mbali. Huko Vikuge, karibu na Kibaha, viuatilifu vilivyoletwa kwa msaada mwaka 1986 viliachwa katika banda. Hata baada ya kuondolewa, DDT ilikutwa bado udongoni. Mwaka 1999 ilidhaniwa kuwa wavuvi wa Ziwa Viktoria hutumia sumu, na nchi za Umoja wa Ulaya zikakataa samaki wa ziwa zima, wa mwenye hatia na wa asiye nayo. Msiba huo wa soko wauzaji wa korosho tungeuelewa bila kufundishwa.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Stockholm mwaka 2004, na endosulfani iliongezwa katika orodha yake mwaka 2011. Salfa ya unga tuipulizayo kuzuia ubwiriunga haimo katika kundi hili (ingawa macho yetu yaijua). Hofu yetu ni chupa kuukuu zisizo na karatasi, zilizosahauliwa darini.

Hapa yatupasa kukiri. Ofisi yetu iliandika daftarini kila chupa iliyotoka ghalani. Zilizorudi hatukuziandika hata moja. Tulifundisha kuchanganya dawa, hatukusema pampu ioshwe wapi. Twapendekeza basi, kabla ya msimu ujao wa kupuliza, daftari liongezwe safu ya chupa zilizorudi, na pampu zioshewe shambani, mbali na kisima na bondeni, maji yake yakirudishwa juu ya mikorosho iliyokwisha kupulizwa. Mwenye chupa asiyoijua asiifungue wala asiimwage. Ailete ghalani ilivyo, nasi tutamwita Bwana Shamba. Hataulizwa aliipata wapi.