Tulifungua kwa Sala, Tukaondoka

Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya mkutano, wala si mkutano wa Injili, bali mkutano wa bajeti.

Miaka michache iliyopita tuliitwa kwenda kufungua kwa sala mkutano wa wananchi wa wadi yetu juu ya bajeti ya kaunti. Tukavaa kola yetu, tukaenda. Watu waliokuwamo hawakufika arobaini, na baadhi yao walikuwa vijana waliosikia kwamba kutakuwa na soda. Tukaomba sala nzuri, tukawaombea maofisa hekima, kisha tukaaga, maana tulikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi wa kanisa. Tuliona kwamba kazi yetu pale imekwisha.

Mwaka uliofuata, mama mmoja wa kanisa letu alishikwa na uchungu usiku. Zahanati ipo, nusu saa kwa miguu. Lakini chumba cha kujifungulia hakikuwa na taa wala maji. Muuguzi alifanya kazi kwa mwanga wa simu, na maji yakachotwa mtoni kwa ndoo. Kwa rehema za Mungu mama na mtoto wako hai. Tulipokwenda kuwaona, mama mkwe alitukaribisha chai, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza: "Kasisi, siku ile mlipoitwa kwenye mkutano, hamkutaja maji ya zahanati?"

Hatukuwa na jibu. Baadaye tulipouliza, tuliambiwa kwamba waliobaki mkutanoni walichagua lango jipya la soko. Hakuna aliyeiba kitu. Zahanati haikutajwa na mtu yeyote, basi.

Labda mtatuambia kwamba hayo ni mambo ya siasa, na kasisi ashike Biblia yake. Nasi tulisema hivyo kwa miaka mingi. Lakini wazee wetu wanakumbuka mambo yalivyokuwa. Baada ya Uhuru, shule za msingi, zahanati na barabara za mashambani zilikuwa mikononi mwa mabaraza ya kaunti, yaliyokuwa na madiwani wake. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria ya kuyaondolea mabaraza hayo kazi hizo, zikapelekwa Serikali Kuu. Wananchi wakabaki na harambee. Na harambee si jambo dogo! Kwa mbuzi, kwa mayai na kwa debe la mahindi tulijenga madarasa na majosho ya ng'ombe. Lakini tulitoa jasho letu bila kuwa na neno katika mipango. Watu wangeweza kumaliza kujenga zahanati, ikakaa imefungwa bila dawa wala muuguzi, kwa kuwa aliyepanga mambo ya dawa na wauguzi yuko Nairobi, wala hajui kama jengo lipo.

Mwaka 1983 Serikali ilileta mpango wa maendeleo kupitia wilaya. Mipango ikaanza kupita katika kamati ya maendeleo iliyoongozwa na Mkuu wa Wilaya. Ilikuwa hatua, lakini mara nyingi mwananchi aliitwa barazani kuambiwa, si kuulizwa. Ndipo ikaja Katiba ya mwaka 2010, na serikali 47 za kaunti zikaanza kazi mwaka 2013. Katiba yasema kaunti zote kwa pamoja zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za mwisho zilizokaguliwa. Tena yaamuru kwamba wananchi washirikishwe. Kile tulichonyimwa zamani tumepewa, nasi tukakiacha kwa vijana waliofuata soda.

Wengi wetu hatujui hata la kuomba ni lipi. Twamfuata mwakilishi wa wadi tukitaka madarasa ya shule ya msingi, na hiyo ni kazi ya Serikali ya Taifa. Za kaunti ni zahanati na vituo vya afya, maji, barabara za kaunti, kilimo, masoko, shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Tena mambo haya yana majira yake kama mvua. Mwaka wa fedha waanza tarehe 1 Julai, lakini atakayeamka mwezi wa Juni amechelewa. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Makadirio ya bajeti yatakiwa kufika huko kabla ya Aprili kwisha. Jambo lisiloandikwa katika mpango lina taabu sana kupata fedha, hata likililiwa namna gani.

Sasa tumtazame Nehemia. Biblia yetu ya zamani yamwita liwali. Leo tungesema gavana. Alipofika Yerusalemu hakuanza kwa hotuba. Alizunguka usiku akaukagua ukuta kwa macho yake, ndipo akawaita watu. Sura ya tatu ya kitabu chake imejaa majina, na tukiri kwamba sisi wasomaji wa masomo kanisani huiruka kwa kuogopa kuyatamka. Lakini humo mna wafua dhahabu na wafanya biashara, kila mmoja na sehemu yake, wengine wakijenga mahali panapoelekea nyumba zao wenyewe. Yumo Shalumu, aliyekuwa mkuu wa nusu ya mtaa wa Yerusalemu, akijenga pamoja na binti zake. Wamo pia wakuu wa Tekoa, ambao hawakukubali kuinama kufanya kazi, na jambo hilo likaandikwa lisomwe hata leo.

Na wa kwanza kabisa kutajwa ni Eliashibu kuhani mkuu na makuhani wenzake. Walilijenga Lango la Kondoo, kisha wakaliweka wakfu. Sisi tuliweka wakfu, tukawaachia wengine wajenge.

Katika sura ya tano maskini walimlilia Nehemia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka na kodi ya mfalme. Hakuwaambia kwamba hayo ni siasa. Aliitisha mkutano mkubwa, akawakemea wakubwa mbele ya watu wote, na mashamba yakarudishwa.

Tangu swali la yule mama mkwe tumebadili desturi. Tangazo la mkutano wa wadi lasomwa kanisani pamoja na tangazo la ndoa. Mwaka huu akina mama walikutana kwanza baada ya ibada, wakabishana sana, maana wengine walitaka barabara na wengine mbegu za viazi. Mwishowe wakaandika mistari mitatu tu: tangi la maji la zahanati, taa katika chumba cha kujifungulia, na daraja la miguu mtoni. Tulikwenda watu hamsini na zaidi. Tulifungua kwa sala, tukaketi mpaka saa kumi jioni, na kwa kweli benchi lile halina huruma kwa mgongo wa mtu wa miaka yetu. Msimamizi wa wadi aliipokea karatasi, na nakala yake, iliyotiwa sahihi na tarehe, imo ndani ya kabati la kanisa pamoja na rejesta za ubatizo.

Tangi halijajengwa. Makadirio yakitoka, akina mama watatu na mwalimu mmoja mstaafu watakwenda kuutafuta ukurasa wa wadi yetu, na kama mistari mitatu haimo, sheria yampa mwananchi haki ya kulipelekea bunge la kaunti ombi kwa maandishi. Barua hiyo nayo imekwisha kuandikwa. Yangoja tarehe tu.

Na tuombe. Ee Mungu Baba yetu, twakukabidhi muuguzi aliye zamu usiku huu katika zahanati isiyo na taa, na mama atakayefika kwake kabla ya maji kufika. Uwaangazie wanaoandika hesabu za kaunti zetu. Utusamehe tulioondoka mapema. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.