Nyundo 64 za Umeme kwa Gharama Ndogo

Leo twataka kunena juu ya koili ya sumaku. Ni waya wa shaba uliopakwa vanishi, ukazungushwa juu ya mrija. Ndani ya mrija mna kijiti cha chuma. Umeme ukipita, chuma huvutwa ndani kwa nguvu, nacho chaweza kupiga kengele.

Koili moja ni rahisi. Taabu ni kuendesha 64. Tuseme kila moja ina omu 6, na umeme ni volti 12: itakula ampea 2. Zote pamoja zitataka ampea 128. Bali zikipokezana, moja baada ya moja, ampea 2 zatosha.

Tena, tukizipanga kama ubao wa dama, safu 8 kwa 8, twahitaji transista 16 tu. Ya safu na ya mstari zikiwashwa pamoja, koili iliyo katika makutano ndiyo hupiga.

Lakini kila koili yataka dayodi mbili, yaani milango ya njia moja. Ya kwanza huuzuia umeme usipotelee koili za jirani. Ya pili hupokea mshindo wa umeme koili inapozimwa. Pasipo hiyo, transista huungua. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.