Ndorobo, Nyasi na Ng'ombe: Mazungumzo kwa Makatibu wa Vyama vya Sikonge



Nimeombwa nizungumze juu ya nchi yetu na uchumi wa mifugo.

Misafara ya karne ya 19 iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji ilibeba pembe na nguo mabegani mwa wapagazi. Sababu moja kubwa ilikuwa ndorobo. Farasi na ng'ombe wa mizigo walioingia katika misitu ya miyombo waliugua nagana, hawakudumu. Ndiyo maana huku Sikonge watu walitegemea zaidi jembe na mzinga, na makundi makubwa ya ng'ombe yakabaki Usukuma.

Tangu miaka ya 1970 wafugaji wengi wamehama Usukuma kutafuta malisho, na baadhi yao wamefika kwetu. Msitu unapofyekwa, ndorobo hukosa kivuli, na ng'ombe hupata nafasi. Lakini maua ya miyombo ndiyo chakula cha nyuki, na kuni zake ndizo zinazokaushia tumbaku. Basi mti mmoja una wadai watatu, na wote ni wanachama wetu.

Wafugaji wa milima ya Kirgizstan hupandisha mifugo mlimani wakati wa joto, na kuiteremsha mabondeni wakati wa baridi. Sisi hatuna milima ya namna hiyo, lakini kanuni ni ileile. Mvua za Novemba hadi Aprili hujaza mbuga maji na tope, mifugo ikakaa juu. Kiangazi hushuka mbugani kufuata majani na maji. Mbuga ikilimwa yote, mfugaji ataingia wapi isipokuwa shambani mwa jirani?

Wasukuma wana dawa ya jambo hili: ngitili. Eneo hufungwa wakati wa masika, nyasi zikakua, likafunguliwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioendeshwa Shinyanga kuanzia 1986 hadi 2004, uliifufua desturi hiyo, na miti ikarudi pamoja na malisho.

Ndugu makatibu, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa Mkutano Mkuu wa Kijiji sauti katika kugawa ardhi. Pelekeni huko maswali manne: ngitili iwe wapi, ilishe ng'ombe wangapi, nani ailinde, na mizinga ibaki msitu upi? Majibu yaandikwe katika kumbukumbu kabla ya kiangazi, ng'ombe wakiwa bado hawajafika shambani.