Gobore la Babu

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho nyumba nyingi za huko tulikotoka zinacho, au zilikuwa nacho, lakini hakitajwi mbele ya wageni. Nacho ni gobore.

Mwaka 2019 baba yangu mdogo, anayeishi Sikonge, mkoani Tabora, aliamua kuezua nyasi kwenye nyumba ya marehemu babu ili aiezeke bati. Mafundi walipofika juu ya chumba wanacholala watoto, walikuta gunia la katani limefungwa kamba kwenye boriti. Ndani yake mlikuwa na gobore la babu, pembe ya baruti iliyokwisha kuwa tupu, na kikopo cha fataki kilicholiwa na kutu. Babu alifariki mwaka 1991. Kwa hiyo gunia lile lilining'inia pale, juu ya vichwa vya wajukuu na vitukuu, kwa muda wa miaka 28 na hakuna aliyelijua. Labda shangazi alijua. Alipoulizwa alicheka tu, akaendelea kupepeta mchele.

Simu ikapigwa Dar es Salaam. "Mwanangu, bunduki ya babu yako imeonekana. Imeoza kitako, lakini mtutu ni mzima. Tuitengeneze." Nami, kusema kweli, sikuuliza swali hata moja. Nilikata tiketi ya basi.

Kwa wale waliozaliwa mjini, gobore ni bunduki inayoshindiliwa kwa mbele. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unafuatisha nyuzi za katani au kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unatia gololi, unashindilia tena, kisha unaweka fataki pale nyuma chini ya nyundo. Yote hayo kwa mlio mmoja. Ukimkosa nyati, huna la pili, na heri uwe umesimama karibu na mti. Magobore mengi yaliyoko vijijini yametengenezwa na wahunzi wetu wenyewe kwa mabomba ya maji na vyuma vya usukani wa magari. La babu lilikuwa la ukoo mwingine. Tulipolifuta kwa kitambaa laini na mafuta ya taa, ilijitokeza karibu na mwisho wa mtutu alama ndogo ya duara kama yai, na ndani yake herufi E, L na G, na nyota chini yake. Hiyo ni alama ya nyumba ya kupimia bunduki ya mji wa Liège, Ubelgiji. Tangu mwaka 1893 alama hiyo huwekewa taji juu. Yetu haina taji. Maana yake ni kwamba mtutu ule ulipimwa kabla ya mwaka huo, siku za misafara ya Pwani, ambapo bunduki za namna hiyo zilibadilishwa kwa pembe za ndovu, na ruga-ruga wa Mtemi Mirambo wakazibeba mabegani.

Hapa nichepuke kidogo. Mwaka 1890 mataifa makubwa yalikutana Brussels, mji mkuu wa nchi hiyo hiyo ya Ubelgiji, yakatia sahihi mkataba wa kuzuia silaha za kisasa zisiingie katika sehemu kubwa ya Afrika, kuanzia nyuzi 20 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 22 kusini. Waliruhusu kitu kimoja: bunduki za gumegume zisizo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Kwa maneno mengine, sisi tuliachiwa zile zilizokwisha kupitwa na wakati, na wao wakabaki na zile zilizokuja kututawala.

Lakini sikusafiri kwenda Sikonge kwa ajili ya historia. Nilisafiri kwa sababu nilipokuwa na umri wa miaka saba babu alinipa kazi ya kumshikia pembe ya baruti, na hakuna cheo nilichopata baadaye kilichonivimbisha kichwa namna ile. Nilitaka gobore lile ling'ae, likae ukutani kwangu Dar es Salaam, wageni waulize. Nakumbuka alivyokuwa akilisafisha. Watu wengi hudhani bunduki husafishwa kwa mafuta. Babu alianza na maji yanayochemka, akiyamimina ndani ya mtutu mpaka yatoke meupe, na ule moshi wenye harufu ya yai viza ukijaa uani. Mafuta yalikuja mwisho kabisa. "Mafuta hayafui baruti," alikuwa akisema. Na ni kweli, kwa sababu masizi ya baruti ni chumvichumvi inayovuta unyevu hewani. Ukipaka mafuta juu yake umeifunika tu, nayo inaendelea kula chuma chini kwa chini.

Basi, siku mbili nzima gobore lile lilipita mkono hata mkono. Liliegeshwa karibu na moto likauke unyevu. Mtoto wa shangazi yangu, kijana wa bodaboda, alizibua tundu la fataki kwa msumari. Mimi mwenyewe, mtu mzima niliyesoma, nilichungulia ndani ya mtutu kwa tochi nikasema naona giza, bila shaka ni mavumbi. Siku ya pili jioni yule kijana akatoa shauri kwamba kabla ya kumpa mhunzi tulipige moja hewani, tujue kama bado lina nguvu.

Alikuwapo mzee mmoja, rafiki wa babu wa mwituni, aliyekuja kutupa pole na kunywa togwa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Wajukuu zangu, mmelipima?"

Hatukujua kupima ni nini. Akauchukua mdeki, akautumbukiza mtutuni mpaka ukagota, akashika kwa kidole pale ulipoishia mdomoni. Akautoa, akaulaza juu ya mtutu kwa nje, kidole kikiwa mdomoni vilevile. Ncha ya mdeki haikufika kwenye tundu la fataki. Ilipungua kwa upana wa kiganja kizima.

Gobore lilikuwa limeshindiliwa. Lilikuwa limeshindiliwa tangu babu alipolifunga guniani.

Msikilizaji, baruti ya namna ile haiozi kama unga. Ikikaa mahali pakavu miaka haiipunguzii hasira, na juu ya boriti, penye moshi wa jiko usiku na mchana, ni mahali pakavu kuliko ghala la serikali. Nilimwangalia yule kijana mwenye msumari. Nikaangalia moto. Baba mdogo aliinuka akaenda nyuma ya nyumba, akakaa huko muda mrefu.

Yule mzee hakutaka mtu aguse tena. Alilisimamisha nje, akamimina maji mtutuni na kwenye tundu, akaliacha lilale hivyo. Asubuhi tukamwita mwenyekiti wa kijiji, tukaongozana naye hadi polisi. Huko ndiko lilikokamuliwa. Kilichotoka kilikuwa tope jeusi, nyuzi za katani, na vipande saba vya nondo vilivyokatwa kwa tindo. Babu alikuwa ameliandaa kwa ajili ya ngiri waliokuwa wakimaliza mahindi, na ngiri hawakuja usiku ule.

Katika sanduku lake tulikuta pia kitabu cha leseni, kimepigwa muhuri mara ya mwisho mwaka 1988. Baba mdogo alikiweka mezani kwa fahari kama mtu anayetoa hati ya kiwanja. Ofisa aliyetupokea alikuwa mpole, lakini hakuuma maneno. Alisema, wazee wangu, leseni ilikuwa ya marehemu, haikuwa ya bunduki. Mwenyewe akifa, silaha hukabidhiwa polisi, na anayetaka kuwa nayo huomba yeye mwenyewe, akachunguzwa yeye mwenyewe. Ilikuwa hivyo chini ya sheria ya zamani, na ni hivyo chini ya sheria ya mwaka 2015. Wala si kila mhunzi anaweza kulitengeneza, kwani fundi wa silaha naye lazima awe na kibali. Yule mhunzi wetu wa kijijini, aliyekwisha kuwasha mafukuto akitungoja, angeingia matatani pamoja nasi.

Tulirudi na karatasi ya kupokelewa silaha, mikono mitupu. Na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

Baba mdogo ananiambia kwamba mimi, msomi wa mjini, nimemtia babu yake mwenye nyumba mahabusu. Anataka aombe leseni, mtutu uzibuliwe, tundu la fataki liwekwe jipya, gobore lilie tena siku ya matanga ya kumkumbuka babu. "Bunduki isiyolia ni ufito," anasema. Mimi naona vingine. Ule mtutu nimeuona mchana baada ya kuoshwa, ndani una vishimo vya kutu kama uso wa mgonjwa wa ndui, na chuma chenye vishimo vile hupasuka kikamng'oa mtu vidole, hasa akitokea mjuaji wa kutia baruti iliyotolewa katika risasi za kisasa. Kulitengeneza, kwangu mimi, ni kulizuia lisioze zaidi: kutu iondolewe taratibu kwa mafuta na kitambaa, msasa usiguse ile alama ya Liège, rangi ya gari isikaribie kabisa, kitako kiundwe upya, na tundu lizibwe lisipige milele. Nalo likae kwa idhini, kwa maandishi. Ninyi mnaonisikiliza, ambao mna gunia kama lile kwenye boriti ya kwenu, msilipangushe wala msilisogeze karibu na moto. Waiteni wanaohusika walichukue.

Kwa miezi mingi baba mdogo hakunipigia simu. Salamu zilipitia kwa shangazi. Kisha safari moja nilipokwenda nilimkuta uani, kifua wazi, anaranda ubao wa mninga. Alikuwa ameupima kwa kile kitako kilichooza, ambacho polisi walimwachia kwa kuwa kilikuwa kimejitenga chenyewe. Sikumwuliza unakwenda kwenye bunduki ya kulia au ya kunyamaza. Alipomaliza aliupaka mafuta, akausokomeza chini ya kitanda.

"Mninga mbichi hupinda," akasema. "Acha ukauke. Hayo mengine tutabishana baadaye."